Jina Chini ya Soli

Sehemu ya tisa

Kisu kilishuka.

Wiki iliyopita tulimwacha Mshauri Somadina amekiinua kisu cha kukatia ngozi, mbele yake amesimama Tchamba, mnunuzi kutoka Douala kule Kameruni, na karakana nzima imefumba macho. Wapo wasomaji walioniandikia wakitaka Tchamba afe, tena afe vibaya. Poleni. Kisu kililipita tumbo lake kwa upana wa vidole vitatu, kikazama ndani ya kiatu alichokuwa amekishika.

"Mwendawazimu!" Tchamba alikitupa kiatu sakafuni. "Madamu, huyu mtu wako anataka kuniua mbele yako na umekaa tu?"

"Si mtu wangu," Akwaugo alijibu upesi. "Nililetewa."

Na hakusema uongo. Akwaugo, mjane, mwenye karakana ya cherehani sita kwenye mstari wa vibanda vya viatu hapa Aba, Nigeria, hakuwahi kuomba mshauri. Mradi fulani wa kusaidia biashara ndogo ulipita na fomu zake, na mwenyekiti wa mstari akamwandikisha bila kumuuliza, kwa kuwa vibanda vingine vyote vilikuwa vimekataa. Miezi miwili sasa mwanamume wa mji wa Enugu mwenye shati jeupe, ambaye hajawahi kushika msharasi wa kutobolea ngozi tangu azaliwe, alikuwa akishinda pale anaandika. Alikuwa amehesabu hatua za fundi kutoka meza ya kukatia hadi kwenye cherehani. Alikuwa amemuuliza mama wa watu anajiona wapi baada ya miaka mitano.

"Hapahapa," Akwaugo alimjibu siku ile, "nikikungoja uondoke."

Lakini leo hapakuwa na mzaha. Tchamba alikuwa amekuja na gunia la viatu vibovu, akidai ni vya safari iliyopita, soli zimebanduka zote, na mlangoni alikuwa amemsimamisha askari wa chama cha soko na kufuli mkononi. Alitaka kitu kimoja: mzigo mpya uliokuwa mezani, jozi mia mbili, apewe bure kufidia zilizooza. La sivyo, kibanda kifungwe. Na ninyi mnaoijua Aba mnajua kufuli ya chama ni nini. Ukishafungiwa, hata ndugu yako wa tumbo moja hakuazimi nyundo.

"Nakuuliza mara ya mwisho, Madamu," alisema Tchamba. "Unanipa mzigo ama hunipi?"

"Viatu hivyo si vyangu."

"Si vyako?" Tchamba alichukua kiatu kingine kutoka kwenye gunia, akakifungua mdomo. "Lebo hii si ya kwako?"

Akwaugo alikipokea kile kiatu. Mshono haukuwa wake, aliona tangu gunia linafunguliwa. Gundi ilinuka petroli, na yeye gundi yake haijawahi kuchanganywa na petroli. Lakini lebo ilisema Italia. Ilikuwa lebo ileile ambayo yeye huinunua kwa mafungu kwa mama mmoja pale lango la soko, na jirani wa kushoto huinunua hapohapo, na wa kulia, na mstari mzima. Viatu vinazaliwa Aba na kupelekwa mbali vikiwa na uraia wa watu wengine. Ndivyo wanunuzi wanavyotaka, na ndivyo mafundi wanavyofanya tangu zamani, wakijiona wajanja. Sasa angewezaje kusema kiatu hiki changu, kile si changu, na vyote vimeandikwa Italia kwa uzi uleule mwekundu?

"Nakusubiri," alisema Tchamba.

"Ndani hamna kitu," ilisema sauti kutoka chini.

Mshauri alikuwa amepiga magoti, shati jeupe limeshagusa vumbi la ngozi. Alikuwa amekibandua kile kiatu alichokichoma kisu, ameinyanyua soli ya ndani, ile inayokanyagwa na mguu, na anaitazama kwa chini.

"Hamna kitu gani?" aliuliza Tchamba.

"Muhuri."

"Muhuri gani?" Safari hii aliyeuliza ni Akwaugo.

Mshauri aliinuka, akaenda mezani kwenye mzigo mpya, akachukua kiatu chochote kilichokuwa karibu, akapitisha kisu ukingoni na kuibandua soli ya ndani. Akaigeuza, akaiinua watu waone. Kulikuwa na wino wa buluu, maandishi yamekaa sawasawa: AKWAUGO VIATU, ABA. Na chini yake, namba ya simu.

Akwaugo aliuona muhuri wa stakabadhi zake, ule unaokaa kwenye droo anayoifunga kwa ufunguo.

"Nani amekupa muhuri wangu?"

Kwenye meza ya kukatia, Mzee Erondu alikohoa. Erondu ndiye fundi mkongwe wa karakana ile, alianza na marehemu mume wa Akwaugo, na ndiye peke yake mwenye ufunguo wa pili wa ile droo.

"Mzee Erondu!"

"Madamu, alisema ni utaratibu."

"Utaratibu wa nani?"

"Wa kitaalamu. Alisema tugonge kila jozi kabla ya kubandika soli ya ndani. Alisema tukikuuliza utakataa."

"Ningekataa!"

"Basi ndiyo maana hatukukuuliza."

Kofi lilimfikia Mshauri kabla hajajua linatoka wapi. Daftari lake lilianguka. Majirani waliokuwa wamejazana mlangoni walishangilia, maana mstari mzima ulikuwa umelisubiri kofi hilo kwa miezi miwili.

"Mwongeze lingine, Mama Kosi!" alipaza sauti jirani wa kushoto, akimwita Akwaugo kwa jina la bintiye. "Hilo la kwetu sote!"

"Nipige," alisema Mshauri, mkono shavuni. "Nipige, lakini kwanza bandueni vyote vya kwenye gunia."

Askari wa chama hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliiweka ile kufuli chini, akachukua viatu kumi kutoka kwenye gunia, akabandua kimoja kimoja. Vyote vitupu. Akachukua vitano vya mezani. Muhuri, muhuri, muhuri, muhuri, muhuri.

"Mzigo wa safari iliyopita nao uligongwa?" alimuuliza Erondu.

"Kila jozi. Nilizigonga kwa mkono wangu huu."

Askari akamgeukia Tchamba. "Oga, bosi, hivi vya gunia havijatoka hapa. Nenda kamtafute aliyevishona."

Akaokota kufuli yake, akaipachika mkandani, akaondoka. Mafundi wanane walirukaruka. Binti wa cherehani ya tatu alilia. Jirani wa kulia, ambaye gundi yake inajulikana mtaa mzima kwa kunuka petroli, alikumbuka ghafla kwamba ameacha chakula jikoni.

Na Akwaugo? Akwaugo alimwangalia Mshauri kwa jicho ambalo hakuwahi kumwangalia nalo. Lilikuwa karibu kuwa jicho zuri. Kama si huyu mtu asiyejua hata kupiga msumari, leo mlango wake ungekuwa umefungwa. Mafundi wa mstari ule, pamoja na ujanja wao wote, hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kuweka jina lake kwenye kazi yake. Ilibidi aje mgeni.

Kila wiki mnaniuliza, kwani mshauri wa nje ana faida gani? Haya, faida ndiyo hiyo. Ifurahieni haraka, kwa sababu haikai.

"Tangu lini?"

Aliyeuliza alikuwa Tchamba. Hakuwa anapiga kelele tena, na hilo lilimtisha Akwaugo kuliko kelele.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini mnagonga huo muhuri?"

"Tangu mzigo wa mwezi wa tano," alisema Erondu, na fahari yake ya kijinga.

"Wa tano." Tchamba aliketi juu ya gunia. "Na wa sita. Mizigo miwili. Madamu, unajua mizigo hiyo iko wapi?"

"Wewe ndiye uliyeibeba."

"Iko kwa Madamu Essomba. Duka lenye kuta za vioo, mtaa wa kitajiri wa Bonapriso. Mwanamke yule anawavisha mabwana wakubwa wa Douala nzima. Nimemwambia viatu vinatoka Italia. Karatasi za forodha nimeandika Italia. Na ninyi," alinyoosha kidole, "ninyi mmeandika Aba kwa ndani, mkaweka na namba ya simu!"

Shangwe ilikatika.

"Uliandika uongo mwenyewe," alisema Mshauri. "Usitulaumu sisi."

"Sisi!" Akwaugo aliruka. "Wewe na nani?"

"Ndiyo, niliandika," alisema Tchamba. "Na lebo nani kashona? Hii cherehani hapa ni ya nani? Wakinikamata mimi kwa karatasi, watamwacha aliyeshona lebo? Nikienda ndani, Madamu, tunakwenda wote."

Akwaugo alishika ukingo wa meza. Dakika tano zilizopita alikuwa ameponea kufuli ya soko. Sasa kilikuwa kinakuja kitu kikubwa kuliko kufuli, na kilikuwa kimeletwa na kilekile kilichomwokoa. Aligeuka kwa Mshauri polepole.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Ulijua kwamba viatu vyangu vinapita forodhani kwa jina la Italia?"

"Kila mtu hapa anajua."

"Na bado ukaniwekea jina langu ndani yake. Na namba yangu!"

"Nilitaka kazi yako ijulikane."

"Usinidanganye. Niangalie. Kwa nini hukuniuliza?"

Mshauri aliinama kuokota daftari. Alipoinuka, hakuwa na uso wa mtaalamu tena.

"Mradi unataka kila mshauri aonyeshe badiliko moja," alisema. "Moja tu, lililofanyika kweli, kabla miezi mitatu haijaisha. Wewe ulikataa kila kitu. Nilihamisha meza, ukasema nimeleta mkosi."

"Kwa hiyo uliniuza kwa ajili ya ripoti."

"Sikukuuza. Leo nimekuokoa, umeona mwenyewe!"

"Wewe mwezi ujao unarudi Enugu kwenye feni yako," alisema Akwaugo, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Utaandika umefaulu. Mimi nitabaki hapa na watu wanane wanaonitazama. Ukikosea wewe, ninafungwa mimi. Huo ndio msaada mliokuja nao?"

Mshauri alilifuta vumbi daftari lake. Hapo ndipo nami nilipoacha kumtetea.

Tchamba aliona nafasi. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara, hata akiwa amekalia gunia la hasara.

"Sikiliza, Madamu," alisema, akivuta kigoda. "Hakijaharibika kitu bado. Nani hubandua soli ya ndani ya kiatu kipya? Hakuna. Na akitokea wa kubandua, akapiga simu, wewe humjui Akwaugo. Unasema namba si hiyo. Ama muhuri uliibwa. Basi."

"Nijikane?"

"Kwenye simu tu. Na mimi nakupa neno langu mbele ya watu hawa. Kuanzia leo kwenye mstari huu nanunua kwako peke yako. Mwaka mzima. Utaongeza cherehani mpaka ukose pa kuziweka."

Mafundi waliangaliana. Mwaka mzima! Hakuna karakana pale iliyowahi kuwa na mnunuzi wa mwaka mzima. Binti wa cherehani ya tatu alikuwa ameacha kulia.

"Usikubali," alisema Mshauri.

"Wewe funga mdomo!" Karakana nzima ilimjibu kwa sauti moja.

"Ukijikana leo, umejikana moja kwa moja," alisema Mshauri hata hivyo. Ndivyo walivyo, hawajui kunyamaza. "Akirudi tena na gunia bovu utamwambia nini?"

Akwaugo alitaka kumrushia kalibu ya mbao ya kuundia viatu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Angekuwa mpumbavu tu, ingekuwa rahisi kumfukuza.

Ndipo simu ikalia.

Ililia ndani ya mfuko wa aproni yake. Akaitoa. Namba haikuwa ya Nigeria. Tchamba alichungulia kioo, akaitambua namba.

"Ni yeye," alinong'ona. "Essomba. Mungu wangu, amebandua."

Simu iliendelea kulia.

"Sema amekosea namba," alisema Tchamba. "Madamu, nakuomba kwa jina la wanao. Maneno matatu tu. Umekosea namba, mama."

Akwaugo alibonyeza. Kwa haraka akagusa na kipaza sauti, kila mtu akasikia.

"Nazungumza na Akwaugo wa Aba?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, sauti ya mtu aliyezoea kukaa kwenye viti vizuri.

Tchamba alitikisa kichwa kwa nguvu. Hapana, hapana, hapana. Maneno matatu yalikuwa yamefika kwenye ulimi wa Akwaugo. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kuyasema.

"Nimebandua kiatu cha mume wangu," iliendelea sauti. "Amekivaa mvua na jua, hakijaachia hata uzi. Nikasema lazima nijue ndani kimejengwaje. Nikakuta jina na namba hii. Mama, kazi hii ni nzuri mno. Nataka kujua tu. Ni mkono wako?"

Nani aliwahi kumuuliza Akwaugo swali hilo? Miaka yote ile, nani? Siku ya kumzika mume wake, watu wa kwao waliweka juu ya jeneza jozi ya mwisho aliyoishona, ili dunia ione alikuwa fundi. Binti yao Kosi, wakati huo ana miaka sita, akachungulia ndani ya kiatu na kuuliza mbele ya waombolezaji kama baba alikuwa mtu wa Italia. Watu walicheka kidogo. Akwaugo aliona aibu iliyomkaa hadi leo. Mwanamume ameshona maelfu ya viatu na hakuacha hata kimoja chenye jina lake.

"Ni mkono wangu," alisema.

Tchamba alijishika kichwa.

"Kila jozi?" iliuliza sauti.

"Kila jozi, mama. Mimi na mafundi wangu wanane. Tunakata wenyewe, tunashona wenyewe." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujali. "Mume wangu ndiye aliyenifundisha."

"Mungu amrehemu. Kwa hiyo mpaka urembo wa ndani ni wenu? Mpaka ile lebo?"

"Kila kitu. Mpaka lebo ninaishona mimi mwenyewe."

"Asante sana, Akwaugo." Kisha sauti ikasogea mbali kidogo na simu, ikawa inaongea na mtu mwingine chumbani. "Afisa, umesikia? Amekiri kwa mdomo wake. Andika."

Ikaingia sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka.

"Mama, hapa ni forodha, Douala. Usikate simu. Mnunuzi wako Tchamba yuko hapo na wewe sasa hivi? Jibu vizuri, kwa sababu jibu lako tunaliandika pia."

Tchamba alikuwa ameteleza kutoka kwenye kigoda, amepiga magoti, viganja vimekutana kifuani. Hakutoa sauti. Mafundi wanane walikuwa wanamtazama Akwaugo. Akisema yupo, amemuuza mnunuzi wake na mstari mzima utamtenga. Akisema hayupo, ameongeza uongo juu ya kosa.

"Mama? Yuko hapo?"

Kwa mara ya kwanza tangu aletewe mshauri, Akwaugo alitaka ushauri. Aliitaka ile sauti ya kuudhi, na lile daftari, na lile shati. Akageuka amuulize afanye nini.

Mshauri Somadina alikuwa ameshafika barabarani, daftari kwapani, anapunga mkono kusimamisha bajaji.